Bango la mnada lisilosomeka: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kutoka Mtwara mjini, ambako kazi yangu ni kuandaa barua pepe ya kila wiki inayopelekwa kwa makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika na kwa wanunuzi wakati wa msimu wa korosho. Ninaitengeneza kwa zana ya mtandaoni yenye violezo, ambamo mtu huchagua kipande na kukiburuta hadi mahali pake. Hivi karibuni katibu mmoja asiyeona alinipigia simu akaniambia, kwa upole ulionitia haya, kwamba barua yangu humfikia kila wiki lakini hajui ndani mna nini mpaka mwanawe arudi shule amsomee. Mimi nilidhani kompyuta yake humsomea kila kitu. Nimekosea wapi? — Msomaji, Mtwara.

JIBU: Dada yangu, nimeifungua barua uliyoniambatishia kwenye kompyuta yenye NVDA, programu ya kumsomea skrini mtu asiyeona, nikazima skrini, nikasikiliza kama anavyosikiliza katibu wako. Salamu ilisomwa vizuri. Kisha nikasikia "picha", ikafuatwa na mlolongo wa herufi na tarakimu ambao ni jina la faili, kisha "kiungo, bofya hapa" mara tatu, na mwisho anwani ya ofisi yenu. Tangazo lenyewe la mnada, yaani ghala lipi, tani ngapi, siku gani na saa ngapi, halikusikika hata neno moja, kwa sababu lote limo ndani ya lile bango zuri la kijani.

Kisoma skrini ni programu inayochukua maandishi yaliyomo kwenye ukurasa na kuyageuza kuwa sauti au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Maandishi yaliyochorwa ndani ya bango kwake ni rangi tu, kama zilivyo rangi za picha ya mkorosho. NVDA, ambayo ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, inapatikana bure na hufanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, ila haiwezi kusoma kisichoandikwa. Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo linalozidi mengine yote kwa uzito, ni kuyatoa maneno ya tangazo kwenye bango na kuyaandika kama maandishi ya kawaida katika mwili wa barua. Bango likibaki kama pambo, sehemu ya maelezo mbadala iachwe tupu makusudi, yaani alt="", ili kisoma skrini kilipite kimya. Likibeba habari, habari hiyo iandikwe pale kwa sentensi moja au mbili. Utawasaidia pia wanaoona, maana baadhi ya programu za barua pepe huzuia picha zisifunguke zenyewe, na huko vijijini mtandao unapokuwa dhaifu bango lako halifunguki kwa yeyote.

Hapo niseme neno juu ya mazoea ya ofisi zetu. Barua huchapwa, husainiwa, hugongwa muhuri, hupigwa skani, kisha hutumwa kama kiambatisho chini ya maneno mawili: "Tafadhali zingatia." Skani hiyo nayo ni picha. Zipo njia za kuyatambua maandishi yake, na katika NVDA mtumiaji hubonyeza Insert pamoja na R, lakini muhuri uliopita juu ya tarehe huharibu tarehe, na tarehe ya mnada ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Sisemi muhuri uachwe. Barua yenye muhuri iambatishwe kama ushahidi, na maneno yake yote yaandikwe pia ndani ya barua pepe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataka katika ibara yake ya 21 kwamba habari inayotolewa kwa umma imfikie mtu mwenye ulemavu kwa namna anayoweza kuitumia, bila kucheleweshwa na bila gharama ya ziada. Kumsubiri mwana arudi shule ni kucheleweshwa.

Jambo la pili ni lugha. Nilipoangalia msimbo wa barua yako nilikuta zana imeandika lang="en", yaani imemwarifu msomaji kwamba barua ni ya Kiingereza. Kisoma skrini kinachofuata alama hiyo hubadili sauti, kikayatamka maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza: "nane" likasikika karibu na "nein", na "mnada" likavunjika mwanzoni kabisa. Hebu mfikirie mtu anayesikiliza tarakimu za tani kwa matamshi hayo. Tafuta mahali pa lugha katika mipangilio ya kiolezo uweke Kiswahili, au mwombe fundi wenu abadili alama iwe lang="sw". Sauti ya Kiswahili imo ndani ya eSpeak NG, ambayo huja pamoja na NVDA, hivyo katibu wako hahitaji kununua kitu.

Jedwali la maghala nalo lilinishughulisha. Umeandika majina ya maghala, tani na daraja, ila mstari wa juu umeukoleza wino tu, hukuutambulisha kuwa vichwa vya safu. Anayeona huinua jicho akajua 120 ni tani. Anayesikiliza hupita kisanduku hadi kisanduku, akasikia "mia moja ishirini" bila kujua kama ni tani au magunia. Vichwa vikiwekwa kwa alama ya th, kila anapoingia safu mpya husikia kwanza jina lake. Kwa upande mwingine, zana nyingi hutumia majedwali kupanga tu sura ya barua, kwa kuwa Outlook ya zamani ya Windows, programu ya barua pepe, kuanzia toleo la 2007 huonyesha barua kwa mtambo wa Word, ambao haukubali mipangilio mingi ya kisasa. Majedwali hayo ya kupangia yapewe alama ya role="presentation", yaani ni ya sura tu, la sivyo baadhi ya visoma skrini vitatangaza safu na visanduku visivyo na maana yoyote.

Mengine ni mepesi. Badala ya "bofya hapa" andika "Pakua orodha ya maghala ya mnada wa Ijumaa", kwa kuwa wengi huita orodha ya viungo peke yake kwa Insert na F7, na "bofya hapa" tatu zikifuatana hazimwelekezi mtu popote. Vichwa vya habari viwe vichwa kweli, h1 na h2, ili herufi H ya kibodi imrushe msomaji kutoka habari moja hadi nyingine. Na yale maandishi ya kijivu hafifu uliyoyaweka chini yakoleze: kanuni za WCAG, yaani za kimataifa za kurasa zinazofikika kwa wenye ulemavu, zinataka tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na juu ya weupe kijivu chenye namba ya rangi #767676 ndicho karibu na mpaka. Hili linawahusu wengi wenye uoni hafifu, wakiwamo ndugu zetu wenye ualbino, ambao hawatumii kisoma skrini ila husogeza simu hadi karibu igusane na uso.

SWALI: Mimi ni kijana nisiyeona, niko Lindi, na nimeajiriwa kuandaa barua pepe za ofisi. Zana niliyopewa inataka kuburuta vipande kwa kipanya, na nikianza kuandika ukurasa unaniruka. Mkuu wangu ameanza kusema kazi hii hainifai. Nifanyeje? — Msomaji, Lindi.

JIBU: Kijana wangu, kazi inakufaa, zana ndiyo haijatimiza wajibu wake. Kanuni za ATAG 2.0, zilizotolewa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, mwaka 2015 kwa ajili ya zana za kuandalia kurasa, zinasema zana yenyewe iweze kutumiwa na mtu mwenye ulemavu, mbali na kile inachotengeneza. WCAG 2.2 ya mwaka 2023 ikaongeza kwamba linalofanywa kwa kuburuta liwe na njia nyingine isiyohitaji kuburuta. Mweleze mkuu wako hivyo kwa adabu, ukimkumbusha na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na muiandikie kampuni ya zana mkitaja kitufe gani kinashindikana na katika hatua ipi.

Kuruka kwa ukurasa kunatibika leo. Ukiwa katika hali ya kuvinjari, yaani ya kusoma ukurasa bila kuandika, ukibonyeza H NVDA hudhani unatafuta kichwa cha habari. Ingia kwenye kisanduku cha maandishi, bonyeza Insert na nafasi, usikie mlio wa kubadili hali, ndipo uandike. Ukimaliza, bonyeza tena kurudi.

Kuhusu kuburuta, usipoteze siku zako. Mwombe mwenzako anayeona akae nawe mara moja muandae kiolezo kimoja chenye vichwa, jedwali na sahihi ya ofisi, kisha wewe uwe unabadili maneno tu kila wiki. Au, na mimi ndiyo njia ninayoipendelea, jifunze alama chache za HTML, lugha ya kuundia kurasa, na uandike barua nzima katika Notepad, maana zana nyingi zina mahali pa kubandika msimbo. H1, h2, p, a, ul na table, pamoja na li, tr, th na td za ndani yake, zinatosha kwa barua ya ofisi, na ukizisikiliza mstari kwa mstari utayaona makosa yake upesi kuliko anayezitazama. Kabla ya kutuma kwa wote, jitumie mwenyewe, uisikilize kwenye simu kwa TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, ukitelezesha kidole kulia kipande baada ya kipande. Kisha mwombe mkuu wako akae karibu nawe akiwa amefumba macho, aisikilize barua yako, na baada yake ile iliyotumwa kabla hujaajiriwa.