Shule zifundishe yale ambayo kosa la kwanza ndilo linaloumiza

Wakuu, mleta mada ameuliza kama shule zifundishe mambo ya maisha ya kila siku: kupanga matumizi, kupika, huduma ya kwanza, kusoma mkataba na mengine ya aina hiyo. Wengi waliotangulia wamejibu kuwa hiyo ni kazi ya wazazi, shule ibaki na hesabu na sayansi. Mimi nafundisha hesabu, huu ni mwaka wangu wa 11 darasani, na nilipokuwa mwanafunzi nilifaulu somo hilohilo kwa alama za juu. Kwa hiyo nalijua jambo hili nikiwa kwenye dawati na nikiwa ubaoni. Jibu langu ni ndiyo, zifundishe. Ila zisifundishe kila kitu, na hapo ndipo naachana na wengi wanaonikubalia.

Nianze na yaliyonikuta. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kabla sijawa mwalimu, nilichukua mkopo. Tarakimu nazibadilisha ili hesabu iwe nyepesi, chukulieni ni fedha yoyote mnayoijua. Nilikopa 1,200 kwa miezi 12. Aliyenihudumia alinionyesha mstari mmoja tu: riba 2% kwa mwezi. Nikaona ni ndogo. Nikasaini kila ukurasa pale alipoweka alama ya kalamu, na sikusoma hata ukurasa mmoja. Mimi, ambaye swali la riba kwenye mtihani sikuwahi kulikosa.

Mshtuko wa kwanza ulikuja siku fedha zilipoingia. Zilikuwa 1,140. Zile 60 zilikuwa ada ya kushughulikia mkopo, imekatwa juu kwa juu, na ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa wa tatu. Wa pili ulikuja taratibu. Rejesho langu lilikuwa 124 kila mwezi, yaani 100 za mkopo wenyewe na 24 za riba. Mwezi wa kumi nikakaa chini na karatasi. Mkopo uliobaki ulikuwa 300, lakini bado nalipa riba ya 24, ileile niliyolipa mwezi wa kwanza nilipokuwa nadaiwa 1,200. Riba ilikuwa inakokotolewa kwenye mkopo wote hadi siku ya mwisho, si kwenye salio.

Fanyeni hesabu wenyewe. Asilimia 2 ya 1,200 ni 24, mara miezi 12 ni 288. Riba ileile ya 2% ikikokotolewa kwenye salio linalopungua kwa 100 kila mwezi, unapata 24, kisha 22, kisha 20, hadi mwezi wa mwisho 2. Jumla ni 156. Mikataba miwili yenye maneno yaleyale, "riba 2% kwa mwezi", na tofauti ni karibu mara mbili. Mimi nililipa 1,488 kwa fedha ambazo mkononi mwangu zilikuwa 1,140.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Shuleni nilifundishwa riba, tena vizuri. Tatizo ni kwamba swali la mtihani lilinipa kila kitu kimepangwa: mtaji huu, kiwango hiki, muda huu, tafuta riba. Hakuna siku nilipewa karatasi yenye kurasa nane nikaambiwa nizitafute mwenyewe tarakimu zilipojificha, wala kuulizwa swali ambalo halikuandikwa popote: 2% ya nini? Hesabu nilikuwa nayo. Sikuwahi kuonyeshwa inaingilia mlango upi.

Kwa hiyo nikiulizwa kifundishwe nini, kipimo changu ni kimoja. Kuna mambo ambayo mtu hujifunza kwa kukosea, na kosa halimwachii kovu. Ukiunguza sufuria, utasugua, na kesho utapunguza moto. Ukifua nguo nyeupe pamoja na nyekundu, utaipoteza nguo moja na hutarudia. Kupiga pasi, kushona kifungo, kubadili tairi, yote haya mtu huyapata akiyahitaji, kwa kumtazama mwenzake au video ya dakika tano. Siyadharau. Finland wana somo la maarifa ya nyumbani ambalo ni la lazima darasa la saba kwa wavulana na wasichana, na kama shule ina jiko na saa za kutosha, ni jambo jema kabisa. Lakini shule nyingi hazina saa za kutosha. Zile chache zilizopo ziende kwenye mambo ambayo kosa la kwanza tu linakugharimu miaka, kiungo au uhai: saini, moto, umeme, dozi ya dawa, mtu aliyeanguka na hapumui. Hapo maisha hayakupi nafasi ya kujaribu tena.

Kuhusu moto nina mfano ambao hadi leo unanisumbua. Mdogo wangu alimwagikiwa maji yaliyotoka kuchemka, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Tulikuwa watu wazima watatu ndani, wote tumemaliza shule. Mmoja akakimbilia dawa ya meno, wa pili akaleta barafu, mimi nimeshika simu nisijue nampigia nani. Tukapaka, tukaweka barafu, tukafunga kitambaa. Hospitalini muuguzi alitusikiliza, akauliza swali moja: maji ya bomba hayakuwepo? Yalikuwepo, hatua nne kutoka tulipokuwa.

Sasa najua, na nawaandikia hapa kwa sababu huenda kuna asiyejua. Sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 kamili, kwa saa. Vua pete, saa na bangili mapema kabla ya kuvimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Usiweke barafu, kwa kuwa nayo huumiza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa, na usipake dawa ya meno wala mafuta. Baada ya maji, funika kwa nailoni safi bila kukaza, kisha mpeleke mgonjwa hospitali. Sababu yake ni fizikia ya shule: joto huhama kutoka penye joto zaidi kwenda penye joto dogo, na ngozi iliyokwisha kupata joto huendelea kuunguza iliyo chini yake hata maji ya moto yakishaondoka. Swali la uhamaji wa joto nilishalijibu mara nyingi kwa kuchora mishale. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mshale ule siku moja utakuwa kwenye mkono wa mdogo wangu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodai somo jipya lenye kitabu chake na mtihani wake. Ratiba imejaa, hilo ni kweli. Lakini moto ni mada ya fizikia, mkopo ni mada ya hesabu, dozi ni mada ya biolojia na kemia, na mkataba ni mada ya lugha, yaani ufahamu. Vipindi vipo tayari. Kinachotakiwa ni kuimalizia mada, kuifikisha mahali inapotumika.

Kuna mchangiaji ametoa hoja nzito kwamba elimu ya fedha haibadilishi tabia za watu. Asipuuzwe, ana ushahidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha makala za utafiti 168, ulikuta kuwa mafunzo hayo yalieleza 0.1% tu ya tofauti za watu katika matumizi ya fedha, na kwamba hata mafunzo ya saa nyingi nguvu yake hufifia muda ukipita. Mwaka 2022 ukatoka mwingine uliotazama majaribio 76 yenye watu zaidi ya 160,000, nao ukakuta mafunzo yanasaidia, maarifa na mwenendo pia. Nikiyaweka pamoja na ninayoyaona darasani, naamini kitu kinachofundishwa kwa maneno matupu, miaka mingi kabla ya kuhitajika, huyeyuka. Nami hufundisha mkopo muhula wa mwisho kabisa, wiki chache kabla hawajatoka kwenda kukutana nao.

Namna ninavyofanya ni hii. Nawapa mkataba ambao nimeutunga kwa kufuata ile mikataba halisi, kurasa sita, maandishi madogo. Swali ni moja ubaoni: mkononi utapata kiasi gani, na utalipa jumla kiasi gani? Sitoi kanuni. Mara ya kwanza walinyamaza karibu dakika kumi, wengine wakaanza kuniambia mwalimu umesahau kuandika tarakimu. Kisha kijana mmoja wa nyuma, ambaye katika hesabu za kawaida huwa hajitokezi, akainua kidole akiwa bado anasoma: "Mwalimu, hapa kwenye 4(c) wanasema watakata 5% kabla ya kunipa. Sasa mbona riba wanaihesabu kwenye zile ambazo hawajanipa?" Darasa zima likafungua ukurasa ule. Sikuwa na la kuongeza. Kipindi kilichofuata tukapanga riba ya miezi 12 kwenye safu mbili, ile ya mkopo wote na ile ya salio, na walipofika mwezi wa sita walikuwa wanazungumza kwa sauti bila mimi kuwauliza.

Turudi kwa wazazi. Ndiyo, mzazi ndiye mwalimu wa kwanza. Lakini mzazi hutoa alichonacho. Aliyesaini bila kusoma atamfundisha mwanawe kusaini bila kusoma, na aliyepakwa dawa ya meno utotoni atapaka. Tena nyumbani hatufundishi kwa usawa, tunagawa: huyu msichana ajue jiko, yule mvulana ajue fedha. Hata shule ziliwahi kufanya hivyo. Japani somo la maarifa ya nyumbani katika sekondari ya juu lilikuwa la lazima kwa wasichana peke yao, hadi mwaka 1994 lilipokuwa la lazima kwa wavulana pia. Mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba yenye maarifa atapata kwa vyovyote vile. Mimi namfikiria yule mwingine, ambaye shule ndiyo mahali pekee atakapoyasikia.

Na kama mnataka mfano wa nchi iliyochukulia jambo hili kwa uzito, tazameni Denmark. Mwaka 2005 waliweka kwenye sheria kwamba shule zifundishe kumsaidia mtu ambaye moyo umesimama, na mwaka uliofuata wakadai mafunzo hayo kwa kila anayetaka leseni ya udereva. Walioanguka nje ya hospitali wakakandamizwa kifua na watu waliokuwa karibu walikuwa takriban 21% mwaka 2001. Mwaka 2010 walifika karibu 45%. Shule hazikufanya hayo peke yake, ila zilikuwa sehemu ya mpango. Na wanachofundishwa si kingi: mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache kubonyeza hadi msaada ufike. Mtoto wa sekondari analiweza kabisa hilo, ila lirudiwe kila mwaka maana mikono husahau ndani ya miezi michache.

Mkuu mleta mada, umeuliza pia nani atafundisha, ikiwa walimu wenyewe hawakufundishwa. Kwangu, mkataba nilijifunza kwa kulipa. Kukandamiza kifua nilifundishwa na muuguzi niliyemwomba aje shuleni Ijumaa moja alasiri. Alikuja bila mwanasesere wa mafunzo, akakunja blanketi nene, akalifunga kwa kamba, akatupanga walimu mstari mmoja kabla ya wanafunzi. Mimi nilichoka kabla ya dakika mbili hazijaisha. Akaniambia ndiyo maana inatakiwa mpokezane, kila baada ya dakika mbili, na akamwita anayefuata.