Ukienda Jinja, hati ya nyumba iache kabatini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Toronto aliniandikia. Mama yake, mzaliwa wa Jinja, ana miaka 74 na anataka kuuona mji wake macho yangali na nguvu. Baba yake, mtu wa Mbale, ameapa hakanyagi Uganda tena. "Shangazi, wewe umeshakwenda mara mbili. Nimpeleke?"

Mpeleke, mwanangu. Ila ngoja kwanza nikusimulie nilivyoboronga mimi.

Nilikuwa na miaka 12 Idi Amin alipotangaza, Agosti 1972, kwamba Waasia wenye pasipoti za Kiingereza watoke ndani ya siku 90. Alisema ameoteshwa na Mungu. Baba alicheka, akaendelea kuagiza vitambaa vya dukani. Kicheko kilimwisha kwenye foleni za Kampala, alipoambiwa familia nzima itaondoka na pauni 50 tu mkononi.

Njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe ilikuwa na vizuizi vya askari. Sikumbuki vilikuwa vingapi, nakumbuka kimoja. "Mama, toa bangili." Mama yangu alikuwa mtu wa Mombasa, Kiswahili ndicho alichotubembelezea usingizi, na ndicho alichoporwa nacho. Mkono ulikuwa umevimba kwa joto, bangili zikagoma. Akazitoa kwa mate, moja moja, huku yule askari akisubiri kwa adabu kabisa. Adabu ile ndiyo inayoniuma hadi leo.

Tukashukia uwanja wa ndege wa Stansted, Uingereza, tukalala kambi ya wakimbizi ya Stradishall, kisha mji wa Leicester. Halmashauri ya mji huo ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kutusihi tusije. Baba alikuwa akisema tangazo lile ndilo lililomjulisha kwamba mji huo upo. Miaka iliyofuata nairuka: kiwanda cha soksi, mikopo, duka, watoto. Tulifanikiwa, na sioni haya kulisema. Watu kama 27,000 tuliingia Uingereza mikono mitupu, na leo hakuna anayetuita mzigo.

Basi mwaka 2019 nikarudi Jinja na hati ya duka letu la Iganga Road ndani ya faili la plastiki. Kisheria haikuwa na nguvu tena. Serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kurudisha mali zetu mwaka 1982, lakini baba alikuwa ameshafariki na sisi watoto tukazubaa mpaka muda wa kudai ukafungwa. Nilijua hayo yote, na hati nikaibeba vilevile. Sasa pale wanauza simu. Kijana wa kaunta, ambaye hata mama yake huenda hakuwa amezaliwa mwaka 1972, aliniletea kiti. Sikukaa. Nilifungua faili, nikapaza sauti, watu wakajaa mlangoni. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Yule kijana alijibu tu, "Mimi nalipa kodi, mama."

Somo la kwanza, basi: hati iache.

Mwaka huu, Februari, nilikwenda bila faili, nikamtafuta fundi cherehani aliyekuwa akikaa barazani kwetu. Alishafariki. Wanawe walinipokea vizuri mpaka nilipomwamkia mjane wake kwa Kiswahili, nikamwona amekakamaa. Nilisahau kwamba kwa watu wa rika lake kule, Kiswahili ni lugha ya askari. Kizuizi changu na kizuizi chake vilisema lugha moja. Mjukuu akaninong'oneza "kodheyo", salamu ya Kisoga. Nikaisema vibaya, bibi akacheka, tukakaa.

Tukanywa chai. Ndipo akaniambia kwamba baba yangu aliondoka na mishahara ya mumewe ya miezi mitatu. Alimwachia cherehani badala ya fedha, lakini wiki ile ile askari wakaichukua kwa kuwa ni "mali ya Mhindi". Duka nalo wakapewa wale walioitwa mafuta mingi, waliogawiwa biashara zetu bila kujua bei ya kitu. Leicester tulizoea kuchekeshana kuhusu watu hao, eti walisoma namba ya kola ya shati wakadhani ni bei yake. Sijawahi kumsikia mtu wetu akiuliza mafundi wa barazani walikula nini.

Miaka zaidi ya 50 nilikuwa nikijiona mdai. Nikamuuliza mjukuu nilipe kiasi gani. Akasema nianze na rolex, ile chapati yao ya kukunja na yai. Nikanunua sita. Chapati tuliwapelekea sisi, ila mayai yale wamepatia wao. Deni lenyewe bado tunalizungumza na mwanawe mkubwa kwa simu, na hanionei huruma kwenye hesabu.

Kwa hiyo mwanangu, mama yako asiende kudai. Na asiende kusamehe pia. Wapo wenzetu wanaotua Entebbe na msamaha wao kama zawadi ya kiwanja cha ndege, wakimgawia dereva, mhudumu, kila mtu. Nani kawaomba? Msamaha wa namna hiyo ni hati nyingine tu. Aende kuuliza, kisha anyamaze asikilize, hata akitajiwa yale ya "boi". Nyumbani kwetu tulimwita hivyo mtumishi, mtu mzima kuliko baba. Mama yako anajua, muulize.

Na baba yako usimcheke. Mwaka 2007, kwenye maandamano ya kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kupewa kiwanda cha sukari cha Wahindi, Mhindi mmoja aliuawa kwa mawe Kampala. Kaka yangu aliniita mwenda wazimu kwa kwenda tena, na sina jibu la kumpa. Yeye huyu asiyetaka kusikia jina la Uganda, sufuria huiita sufuria, njugu huziita jugu, na kila Jumapili anadai muhogo wa kukaanga.

Wekeni chumba karibu na mto. Mama asitembee Main Street saa saba mchana, jua ni kali na atataka kusimama kila duka kusoma majina ya Kihindi yaliyobaki juu ya milango. Mbebee kiti cha kukunja.