Slaidi za hadubini darasani: maswali ya walimu

Tuna fedha za slaidi kumi tu kwa kidato cha kwanza. Tununue zipi? (Mwalimu, Tanga)

Kwanza tazama lenzi ulizonazo. Hadubini inayoishia lenzi ya x40, pamoja na lenzi ya jicho ya x10, inakuza mara 400. Slaidi ya vimelea vya malaria hapo itakuwa pambo la kabati, kwani inataka lenzi ya x100 na mafuta yake. Chukua ngozi ya kitunguu, mkato wa jani, shina la mahindi, shina la alizeti, ncha ya mzizi wa kitunguu, damu ya binadamu, damu ya chura, paramesiamu (kiumbe cha seli moja), ukungu wa mkate na mdomo wa nzi. Mahindi na alizeti ziende pamoja: kwenye mahindi mishipa imetawanyika, kwenye alizeti imejipanga duara. Damu ya chura nayo usiiache. Chembe zake nyekundu zina kiini, za binadamu hazina, na mwanafunzi hulibaini hilo kabla hujafungua kinywa.

Kwa x10 picha ni safi. Nikihamia x40 naona ukungu mtupu, na lenzi inagonga kioo. Imeharibika? (Mwalimu, Morogoro)

Mara nyingi lenzi ni nzima, ila slaidi imewekwa kichwa chini. Kioo cha slaidi kina unene wa milimita 1 hivi. Kile chembamba cha kufunikia kina milimita 0.17 tu, na lenzi ya x40 imetengenezwa kutazama kupitia hicho chembamba. Nafasi kati yake na kioo ikiwa imeona vizuri haifiki hata milimita 1. Ukiigeuza slaidi, kitu unachokitafuta kinakaa chini ya kioo kinene, na lenzi inagota kabla ya kukifikia. Lenzi ya x10 ina nafasi ya kutosha, ndiyo maana haikulalamika. Pitisha ukucha taratibu juu ya slaidi: ukingo wa kifuniko unatakiwa uwe upande wa juu.

Ikiwa imekaa sawa, angalia kama kitu kiko katikati kabisa. Kwenye hadubini nyingi za shule, x10 inaonyesha eneo la upana wa karibu milimita 1.8, x40 inaonyesha milimita 0.45. Kilichokuwa pembeni kidogo kinatoka nje kabisa. Basi anza na x4, sogeza katikati, nenda x10, sogeza tena, ndipo uende x40. Ukifika hapo skrubu kubwa ya kurekebisha picha usiiguse. Tumia ndogo peke yake. Slaidi nyingi huvunjika kwa skrubu kubwa, na kifuniko kikipasuka hukwangua lenzi.

Kama bado ni ukungu, lenzi yenyewe ina mafuta. Kuna mtu alitumia x100 akairudisha x40 juu ya slaidi ileile bila kufuta.

Wanafunzi wangu wanaamini seli ni za waridi. Niwaambieje? (Mwalimu, Kisumu)

Kosa si lao, slaidi ndiyo iliyowadanganya. Kipande cha nyama kinachokatwa unene wa maikromita 5 hadi 10 kinapitisha mwanga karibu wote, hivyo bila rangi huoni kitu. Rangi iitwayo hematoksilini hupaka viini zambarau, eosini hupaka sehemu nyingine waridi. Kwenye mashina, mara nyingi safranini hufanya kuta ngumu za mishipa ziwe nyekundu. Jani ndilo linalochanganya zaidi: katika kuandaliwa hupitishwa kwenye alkoholi, na alkoholi huyeyusha klorofili. Kijani unachokiona humo kwa kawaida ni cha rangi ya kopo. Siku hiyohiyo waonyeshe ngozi ya chini ya jani bichi ndani ya tone la maji. Seli mbilimbili zinazozunguka vitundu vya hewa zina kijani chake halisi.

Maandishi t.s., l.s. na w.m. kwenye lebo ni nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kwa mpangilio huo: mkato wa kukingama, mkato wa kufuata urefu, na kiumbe au kitu kizima kisichokatwa.

Slaidi zetu zimepauka na zina alama za vidole. (Mwalimu, Mombasa)

Zilizopauka hazirudi, jua limekula rangi. Hifadhi zilizobaki ndani ya sanduku lililofungwa, mbali na dirisha. Alama za vidole zifute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, usiloweshe. Zailini, kiyeyushi cha maabara, usiikaribie, maana huyeyusha gundi inayoshika kifuniko. Kwa joto na unyevu wa pwani, weka vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, ndani ya sanduku la hadubini pia, la sivyo kuvu itaota kwenye lenzi.

Tunaweza kutengeneza zetu? (Mwalimu, Iringa)

Za muda, ndiyo. Bawa la nzi ndilo rahisi kuliko yote: liwe kavu, lifunike, ziba kingo kwa rangi ya kucha. Ngozi ya kitunguu ibandue upande wa ndani wa tabaka, kata mraba wa milimita 5, tandaza bila mikunjo kwenye tone la ayodini, kisha shusha kifuniko kwa mshazari ukianza na ukingo mmoja. Ukikidondosha bapa, viputo vya hewa vitajaa, na wanafunzi watavichora kwa bidii wakidhani ni seli. Ukitaka idumu wiki kadhaa, tumia gliserini badala ya maji, nyonya inayovuja, ndipo upake rangi ya kucha. Juu ya ukingo uliolowa haishiki.