MRI ni nzuri, lakini ubavu bado unauma: mimba ya wiki 33

Pole sana dada. Nimekuelewa: una mimba ya wiki 33, ubavu wa kulia unauma, na ripoti ya MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili kinachotumia sumaku) inasema kidole tumbo kiko sawa ila figo ya kulia "imetanuka kidogo". Hayo maneno mawili ndiyo yanayokunyima usingizi.

Kutanuka kidogo hivyo ni kawaida mimba ikishakuwa kubwa. Mfuko wa uzazi huelemea kulia na kuubana mrija unaotoa mkojo kwenye figo, na homoni za mimba nazo huulegeza. Mara nyingi hali hurudi sawa wiki chache baada ya kujifungua. Jaribu kulalia ubavu wa kushoto. Wengi hupata nafuu. Na MRI haitumii mionzi kama eksirei.

Ila MRI haipimi presha wala maambukizi ya mkojo. Omba vipimo hivyo. Kama maumivu yako juu, chini ya mbavu, omba na damu ipimwe ini, maana kifafa cha mimba huweza kuanza hivyo.

Ukipata homa na kutetemeka, kutapika kusikokoma, kutokwa damu au maji ukeni, kichwa kuuma sana, kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Usisubiri siku ya kliniki.