Kruzi na mtoto wa pampas: twende au tusubiri?

Swali: Dada habari za kazi. Tuko Minnesota, mtoto wetu ana mwaka 1 na miezi 9, baba yake anataka mwezi ujao tuchukue kruzi, yaani safari ya kitalii ya meli, ya siku 7 kutoka Miami maana wenzake kazini wameisifia sana. Mi naogopa atatapika tu baharini tuishie kujifungia chumbani. Wewe upo kwenye kazi hii ya safari za meli, unashaurije?

Jibu: Nzuri mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hamjalipia. Kutapika kusikunyime usingizi, watoto chini ya miaka 2 ni nadra bahari kuwasumbua, wanaosumbuka zaidi ni waliovuka hapo, we chukua tu chumba cha katikati ya meli, deki za chini, hapo hakuyumbi sana. Umri nao sio shida, kampuni nyingi zinapokea kuanzia miezi 6.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni pampas. Meli zinazofika bandari za Marekani usafi wake unakaguliwa na CDC, shirika la afya la serikali ya Marekani, na mtoto ambaye hajaacha pampas haingii kwenye bwawa, hata zile pampas za kuogelea hazikubaliki. Kuna mteja wangu hili alilijulia melini, mtoto keshavalishwa kofia na maboya ya mikononi, kakalishwa ukingoni miguu ndani ya maji anacheka, mhudumu akaja kwa upole kabisa akaomba atolewe, basi kila wakipita pale kwenda kula mtoto analilia maji, safari nzima. Meli zingine zina kisehemu cha maji ya kuchezea cha watoto wa pampas, ila uliza kwa jina la meli sio la kampuni, maana kampuni moja meli hii inacho na ile haina.

Halafu malezi. Klabu ya watoto, pale wanapoachwa na walezi melini, kwa kampuni ya Royal Caribbean inaanzia miaka 3 na awe ameacha pampas, ya Carnival miaka 2 hata na pampas zake, Disney wana chumba cha kulea kuanzia miezi 6 mpaka miaka 3 ila kinalipiwa kwa saa na nafasi zinaisha haraka sana. Wa kwenu atakuwa na miezi 22, yaani Carnival kakosa kwa miezi miwili tu! Na nauli mtalipa, kwenye meli nyingi za huko mtoto anahesabiwa kama abiria wa tatu wa chumba, sio kama ndege anapakatwa.

Kwa hiyo ningekuwa mimi hizo siku 7 ningeziacha kwanza, nisubiri afike miaka 3 na pampas ziwe zimeisha. Baba akishikilia, basi usiku 3 au 4 wa Bahamas, kwenye meli yenye chumba cha kulea. Lipeni chumba chenye balkoni mkiweza, kwa sababu akilala saa moja jioni nyie mnakaa nje mnaongea badala ya kunong'ona gizani, ila viti vya balkoni visogezeni mbali na reli na mlango ufungwe muda wote. Pampas na maziwa ya kopo bebeni ya safari nzima, dukani melini msitegemee. Na mikono muoshe kwa sabuni na maji kila kabla ya kula, ile jeli ya kupaka haiwezi vizuri norovirus, kile kirusi cha kutapisha na kuharisha, nacho melini kinasambaa haraka.

Niandikie jina la meli aliyoipenda baba, nikuangalizie kama ina hayo maji ya watoto wa pampas.