Barua kwa mwanangu: kabla hujaandika onyo

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza umwandikieje onyo yule mhasibu aliyekuzidi miaka 20, anayechelewa kila Jumatatu, bila kumvunjia heshima. Nami nakuuliza: umeshamwita ukamuuliza Jumatatu kuna nini? Hukusema. Fuata kosa lilikotoka. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo na sitaacha.

Unamkumbuka yule mzee mlishaji wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, aliyekuwa akiwaletea miwa. Kuna jambo baina yetu ambalo sikuwahi kuwasimulia. Mwaka 1986, nikiwa nyapara mpya, Jumatatu moja singa, yaani nyuzi za mkonge, zilitoka zimeng'ang'aniwa na nyama ya kijani. Unajua mkonge ulivyo: katika kilo 100 za majani unapata kama kilo nne tu za singa kavu. Zikishushwa daraja, hasara haifichiki. Nikasimamisha mashine, nikashika fungu la singa, nikamtikisia usoni mbele ya zamu nzima: "Mzee, macho yamekwisha?" Hakunijibu. Alifuta mikono kwenye gunia alilojifunga kiunoni, akasubiri mashine iwashwe.

Saa nne ndipo nilipokwenda kwenye mabehewa. Majani yamenyauka. Yalikatwa Jumamosi, na mimi ndiye niliyeamuru yalale hadi Jumatatu ili vijana wawahi mpira. Jani la mkonge likilala hunyauka, visu vya korona haviwezi tena kukwangua nyama yote. Na mzee alinionya Jumamosi ileile! Nilimjibu, "Tutaona."

Jioni nikaenda kwake kuomba radhi. Akanipa kigoda, akanisikiliza hadi mwisho, akasema: "Umenitukana kwenye mashine, radhi unaniletea uani."

Kesho yake nilipaswa kusema mbele ya zamu. Sikusema. Nilijiambia nyapara akijishusha hasikilizwi tena. Na labda kwa kijana wa umri ule... Hapana, niliogopa tu. Mzee akastaafu sijasema. Miwa hakuacha kuleta, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo mwite. Wawili tu, mlango umefungwa, si mbele ya vijana wala kwenye lile kundi lenu la simu. Mtajie siku na saa: "Jumatatu tatu zilizopita umeingia saa tatu badala ya saa mbili." Usimwambie ni mvivu, hilo ni tusi. Kisha nyamaza, amalize, hata akizunguka kama sisi wazee tunavyozunguka. Mkikubaliana, andikeni mlichokubaliana na siku ya kukutana tena. Na ukigundua ratiba uliyoipanga wewe ndiyo inayomkwamisha, ukaseme hivyo kwenye kikao kilekile ulikoitangaza.

Sisemi usiandike onyo kamwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na karatasi ina mahali pake. Ukinibana ningesema... lakini mtu mwenyewe sijamwona, na ofisi ni yako. Nipigie Jumatatu jioni unieleze alichokujibu.

Baba yako