Bendi ya wazee inarudi studio: fazi, joto la Dar na pumzi za mwimbaji

Mkuu, umeuliza kwa nini gitaa la fazi (pedali inayokwaruza sauti ya gitaa makusudi) la bendi ya wazee wenu, waliokuwa wakipiga rock miaka ya sabini na sasa wanataka albamu mpya, linatoka kama redio mbovu kila mkirekodi. Usikimbilie kutafuta mashine ya tepu, shida haiko huko.

Kama pedali ina transista za jermaniamu, zile za kizamani, anza na joto. Umeme unaovuja ndani yake huongezeka karibu maradufu kila joto likipanda nyuzi 10, kwa hiyo kwenye chumba cha nyuzi 33 noti inakatika kabla haijaisha. Washeni kiyoyozi saa nzima kabla ya kurekodi, au tumieni pedali ya silikoni. Fazi ikae ya kwanza kutoka kwenye gitaa. Ikitanguliwa na pedali nyingine, hata ukipunguza volyumu ya gitaa haisafiki. Ipe betri yake ya volti 9. Nyingi za jermaniamu zimegeuzwa chanya na hasi, ukizichangia adapta na nyingine ni shoti.

Ule muungurumo wa chini ni wa umeme wa 50 Hz. Amplifaya zote ziingie ekstensheni moja yenye ethi (waya wa ardhini) ya kweli. Anayekata pini ya ethi ili muungurumo uishe anamtafutia mwimbaji shoti ya mdomo kwenye maiki.

Halafu sauti ya mwimbaji, naye ni mzee sasa. Shusheni wimbo nusu-toni mbili asihangaike na noti za juu, gitaa livalishwe seti ya nyuzi nene ya 11 badala ya 9, la sivyo nyuzi zinalegea na kupiga freti. WITCH, bendi ya rock ya Zambia ya miaka ya sabini, walipotoa albamu ya Zango mwaka 2023, karibu miaka 40 baada ya iliyotangulia, mwimbaji wao Jagari Chanda aliimba kama mzee, na ndiyo raha yake.

Dramu, besi na gitaa vipigwe pamoja, bila kliki (mdundo wa kompyuta masikioni), mara 3 au 4, basi. Mara ya 7 mpiga dramu anakuwa anaomba kiti. Prodyuza aliyezoea Bongo Fleva atataka kunyoosha kila pigo kwenye gridi, yaani mistari ya mdundo ya kompyuta. Mkatalieni mapema, kabla hajafungua kompyuta.

Mkitaka santuri ya inchi 12, upande usizidi dakika 20 hivi. Ukizidi, sauti inapunguzwa na besi ndiyo inayoumia kwanza. Wimbo wenye fazi kali uwe wa kwanza upande wake, maana karibu na katikati ya sahani sauti kali hukwaruza.